Kosa Linalorudiwa

Tuna msemo tunaoupenda, hasa tukiwa tunamsuta mtu: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika mambo ya fedha na ndoa sina ugomvi nao. Lakini ukiuingiza katika darasa la Kiswahili kwa wageni, unaipotosha kazi nzima. Mwalimu anayeijua kazi hiyo hana shughuli na kosa lililotokea mara moja likapita. Mwanafunzi aliyechoka, aliyeharakisha au aliyebabaishwa na swali atasema lolote, na dakika mbili baadaye atasema sawasawa bila kuambiwa. Kosa analolivizia mwalimu ni lile lililosikika Jumatatu, likarudi Jumatano, na Ijumaa likatoka tena kinywani mwa mtu aliyetulia, asiye na haraka, anayejiamini. Hilo ndilo lenye habari. Analirudia kwa kuwa kichwani mwake kuna kanuni inayomwamuru aseme hivyo, na kanuni hiyo ameitunga mwenyewe.

Aliyeliandika jambo hili kwa namna iliyobadilisha mambo ni Stephen Pit Corder, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika makala fupi ya mwaka 1967. Kabla yake, hasa tangu kitabu cha Mmarekani Robert Lado cha mwaka 1957, walimu wengi waliamini kuwa makosa yanatabirika kwa kulinganisha lugha mbili: weka sarufi ya Kiingereza huku, ya Kiswahili kule, na pale zinapoachana ndipo mwanafunzi atakapojikwaa. Dawa ilikuwa kukaririsha. Mwanafunzi arudie sentensi mpaka ulimi uzoee, na akikosea akatizwe papo hapo kabla tabia mbaya haijaota mizizi. Corder aliuliza swali la kiungwana zaidi: alipokosea, alikuwa anafikiri nini? Akatenganisha kuteleza na kukosea. Kuteleza hata mzawa huteleza, na akishtuka hujirekebisha. Kukosea kunaonyesha ujuzi wa mwanafunzi umefika wapi siku ile. Mwaka 1972 Larry Selinker akaipa jina lugha ile ya katikati, ambayo si ya nyumbani kwa mwanafunzi wala si ile anayojifunza, lakini ina sarufi yake.

Nadharia ni hizo, na kuzieleza hakuchukui muda. Kuzitumia saa nne asubuhi, mbele ya watu wazima wenye lugha za kwanza tofauti, kila mmoja akitaka kusema lake, ni kazi nyingine, na ndiyo ninayotaka kuisifu.

Kazi hiyo ina makao yake. Unguja kuna TAKILUKI, pale Vuga, iliyokuwa ikipokea wageni miaka mingi kabla haijaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Musoma kuna shule ya lugha ya Makoko, ambako mapadre na masista wamejifunza Kiswahili kabla ya kwenda parokiani. Usa River, karibu na Arusha, kuna MS-TCDC, na Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu. Nje ya hizo kuna walimu wasiohesabika wanaofundisha barazani, hotelini na sasa kwa simu. Wengi wao hawana jina nje ya wanafunzi wao. Mmoja wao, mama wa makamo wa Unguja, amenifanya niandike haya, kwa kuwa alinikubalia kukaa nyuma ya darasa lake na kumtazama tu.

Mezani ana daftari dogo la mistari. Humo haandiki usahihi hata kidogo. Anaandika alichosema mwanafunzi, neno kwa neno, jinsi kilivyotoka, na pembeni herufi za mwanzo za jina lake. Mwanafunzi akisema jambo lilelile sawasawa baadaye, mwalimu anarudi kwenye ule mstari na kuukata: huyu aliteleza, anajua. Mistari isiyokatwa kwa wiki nzima ndiyo inayompa kazi. Na anafanya yote hayo huku akitikisa kichwa, akisema "ehe", akiuliza mtoto alipona lini na basi lilichelewa kwa nini, kwa sababu mwanafunzi anaongea naye na anastahili kusikilizwa kwanza kama mtu. Jaribu siku moja kusikiliza habari ya mtu na viambishi vyake kwa wakati mmoja, utajua ugumu wake. Masikio yetu wazawa yamefunzwa kuruka kosa ili tuipate maana. Sikio la mwalimu lazima lipate vyote viwili.

Siku moja kijana wa Kimarekani alisema: "Nikikula samaki, ninalala vizuri." Mwalimu akaandika. Baadaye kidogo: "Jana sikukula." Akaandika tena. Mtu mwingine angemwambia pale pale, "Nikila, siyo nikikula, sikula, siyo sikukula," kijana angeitikia "Sawa, mwalimu," na kesho yake wangekutana na nikikula yuleyule. Yeye alifanya kama fundi gari anayesikia mlio asioupenda: hakufungua kitu, aliwasha tena asikilize. Akamuuliza mvua ikinyesha huwa anafanya nini, wageni wakifika kwao hupikiwa nini. Kijana akajibu vizuri, "ikinyesha", "wakifika", hakuna tatizo. Akamuuliza mtu akinywa maji ya kisima bila kuyachemsha atapatwa na nini. "Akikunywa, ataumwa tumbo." Na rafiki zake wa Marekani watatembelea wapi siku wakija? "Wakikuja, tutakwenda Jambiani."

Sasa ugonjwa umejulikana. Kiambishi -ki- anakijua. Masharti anayajua. Vitenzi virefu havimsumbui. Shida iko kwenye vile vifupi, kula, kunywa, kuja, na sababu yake ukiitafakari ni ya kumvulia kofia kijana. Alianza masomo kwa njia tunayowaanzishia wageni wote: ninakula, nilikula, nimekula, nitakula. Nyakati nne, na katika zote nne amekutana na "kula" nzimanzima. Angefikirije kingine? Mtu mwenye akili akiona kitu mara nne hakibadiliki, anahitimisha kuwa hicho ndicho shina. Kwa hiyo akakichukua "kula" kama anavyochukua "lala" na "pika", akakipachika kila mahali. Kanuni aliyoitunga ilitokana na mfano tuliompa sisi, kwa mpangilio tulioupanga sisi. Vitabu vingi vya kufundishia wageni vina mpangilio huohuo, na sioni aibu kusema kuwa "nikikula" ni kosa la mtaala kabla halijawa la mwanafunzi.

Tiba yake ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Hakuandika kanuni ubaoni. Aliwapa darasa zima maneno ya kupigia makofi, kofi moja zito kwenye silabi inayobeba mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hilo walishalijua. Wakapiga: ni-na-KU-la. Ni-me-KU-la. Kisha akawaambia watoe ku, wajaribu ni-NA-la, ni-ME-la. Wakacheka wenyewe, kwa kuwa hata sikio la mgeni wa miezi miwili lilishaanza kuona kuwa -na- na -me- hazikai vizuri pale. Hazibebi mkazo, wala -li-, wala -ta-. Ndiyo maana ku inabaki: ina mzigo wa kubeba. Halafu akawapa ni-KI-la, a-KA-la, HU-la, ha-JA-la. Hizi zinabeba zenyewe, ku haina kazi, inaondoka. Mwishoni akawatupia ni-me-KI-la, kile chakula nimekila, wakaona kuwa hata kiambishi cha mtendwa kikiingia kinaupokea ule mzigo na ku inajiondokea. Kijana wetu aliinua mkono: na sikula je, mbona pale ku ipo? Mwalimu akatabasamu, kwa maana hilo ndilo swali alilokuwa akilisubiri. Ku ya sikula ni ya wakati uliopita wa kukanusha, ileile ya sikupika na sikulala. Haihusiani na ile nyingine, zimefanana sura tu. Dakika kumi na tano, na hakuna aliyeaibika, kwa sababu darasa halikuambiwa kosa lilikuwa la nani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasomaji wa Nairobi wameshaanza kuliwaza. "Ukikuja unipigie simu" ni sentensi ya kawaida kabisa Kenya, na wanaoisema si wageni. Vivyo hivyo "kitabu yangu". Na ukivuka Ziwa Tanganyika ukaingia Kongo utawasikia watu wakiitwa "batu", na upatanisho wa ngeli ukiwa umepunguzwa sana. Mwanafunzi aliyekaa Bukavu miaka miwili kabla ya kufika Unguja haji na makosa. Anakuja na Kiswahili cha mahali. Mwalimu wangu ana swali moja kwa hali hii. Husema, "Hicho umekipata wapi?" Analiuliza kwa upole wa kweli, maana jibu linabadilisha kila kitu. Mwanafunzi akisema amekisikia kwa mama mwenye nyumba huko Goma, mwalimu anamwambia huko ni sawa, hapa tunasema hivi, na kwenye mtihani andika hivi. Akisema amekitunga mwenyewe, hiyo ni njia nyingine. Nimewaona walimu wenye shahada kubwa wanaoshindwa swali hilo, wanaomwambia mwanafunzi kuwa Kiswahili alichofundishwa na watu waliomlisha na kumlaza ni takataka. Hayo ni matusi, na hayafundishi ngeli hata moja.

Kosa ninalolipenda kuliko yote, na nadhani hata mwalimu analipenda ingawa hatakiri, ni "rafiki wangu". Mgeni ameambiwa kuwa viumbe vyenye uhai hufuata upatanisho wa mtu na watu, hata jina likiwa na sura nyingine. Amekubali: rafiki amefika, rafiki huyu, rafiki mzuri. Kisha amesikia watu wakisema mbwa wangu, kuku wangu, ng'ombe wangu. Anajumlisha. Kama mbwa ni wangu, rafiki atakosaje kuwa wangu? Na hapo Kiswahili kinamgeuka, kinamwambia rafiki yangu, baba yangu, ndugu yangu. Anayesema "rafiki wangu" ameelewa zaidi ya yule anayesema "rafiki yangu" kwa kukariri. Yuko mbele yake hatua moja, na hatua ya kumfikisha ni fupi: mwambie watu wa karibu kwa udugu na urafiki wana mlango wao, basi.

Mzawa wa kawaida hafanyi lolote kati ya haya, na si kwa ubaya. Adabu yetu haituruhusu kumkosoa mgeni. Ukisema "Habari za asubuhi" Kariakoo ukiwa na ngozi isiyo ya hapa, utaambiwa unajua Kiswahili kuliko sisi wenyewe. Nairobi watakuhurumia kwa namna nyingine, watahamia Kiingereza. Sifa na huruma vyote vinamwacha mwanafunzi alipokuwa. Na mahali penye woga mambo huharibika zaidi. Walowezi wa nyanda za juu za Kenya enzi za ukoloni walikaa nchini miaka na miaka, wakiongea Kiswahili kila siku na wapishi na wafanyakazi wa shamba, na lugha yao ikagandia pale pale mpaka ikapewa jina: Kisetla. Ngeli karibu hakuna, sehemu kubwa yake ni amri. Walikuwa na masikio ya kusikia na watu wa kuwasikiliza, lakini hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kusema, "Bwana, hatusemi hivyo." Mpishi aliyejaribu angehatarisha kazi yake. Tunapowaza kwa nini watu wengine hukaa ugenini maisha yao yote na kosa lao haliondoki, tusiangalie akili zao tu, tuangalie nani alikuwa na haki ya kuwasahihisha.

Linganisha na wageni waliotaka kusahihishwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapwa Tübingen. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha sarufi kikatoka mwaka 1870. Tunawataja wao kama waanzilishi, sawa. Lakini kila "kitabu yangu" waliyoitamka katika miaka ile ilipita katika sikio la mtu wa Mombasa au wa Unguja aliyeshika ulimi wake, akatafuta njia ya kumweleza mgeni bila kumvunjia heshima. Watu hao walikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa Kiswahili kwa wageni, na hawakulipwa hata kwa kukumbukwa.

Kusema ni lini, basi, na vipi? Hapa ufundi wa mwalimu unaonekana kwa jicho la kawaida. Njia inayotujia wote bila kufundishwa ni kulirudia neno kwa usahihi na kuendelea na mazungumzo. Mwanafunzi anasema, "Nimesahau kitabu yangu," nawe unasema, "Aa, umesahau kitabu chako? Basi tazama na mwenzako." Ni njia ya kiungwana, haimkatizi mtu. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti kuhusu madarasa ya shule za msingi nchini Kanada, ambako watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani husomeshwa kwa Kifaransa. Walikuta kuwa njia hiyo ndiyo walimu waliyoitumia kwa zaidi ya nusu ya masahihisho yao, asilimia 55, na ndiyo iliyoitikiwa kidogo kuliko zote: wanafunzi waliitikia asilimia 31 tu. Walimu walipomwachia mtoto nafasi aumalizie usemi mwenyewe, waliitikia kila mara, ingawa si kila mara kwa usahihi.

Sababu haijifichi. Mwanafunzi anapolisikia neno lake likirudiwa, anadhani amekubaliwa. Hata sisi tukiongea tunarudia maneno ya wenzetu kuonyesha tupo pamoja. Mwalimu wa Unguja hakuwahi kuwasoma Lyster na Ranta, lakini ana dawa yake. Anairudia sentensi hadi mlangoni mwa kosa, kisha ananyamaza. "Umesahau kitabu…" na mkono wake unabaki hewani. Kimya hicho hakizidi pumzi mbili. Mwanafunzi anatafuta, anasema "cha… changu", na neno hilo limetoka kwake. Kwa yule ambaye kimya kinamtia hofu, na wapo, hasa watu wenye vyeo kwao, madaktari na wahandisi ambao miaka ishirini hawajaonekana wakikosea mbele ya watu, anatumia urudiaji wa kawaida lakini anaikaza ile silabi moja na kumtazama. Anajua nani ni nani. Hili halimo katika jedwali lolote la utafiti.

Wenzetu ambao lugha zao zina sauti tofauti na zetu wanataka sikio la aina nyingine tena. Mwanafunzi wa Kichina anapochanganya "pata" na "bata", usimwambie asikilize vizuri, anasikiliza vizuri sana. Katika Kimandarini tofauti kati ya sauti hizo ni ya pumzi: moja inatoka na upepo, nyingine haina. Katika Kiswahili tofauti ni ya mtetemo wa koo. Kwa hiyo anaposikia "pata" isiyo na upepo mwingi, sikio lake linaiweka upande wa b. Mwalimu anamwambia aweke vidole kooni, aseme b mpaka koo litetemeke. Na hapo kuna jambo linalonichekesha kila nikilikumbuka. Kiswahili cha pwani, cha Mvita hasa, kina tofauti hiyohiyo ya pumzi: paa wa porini hutoka na upepo, paa la nyumba halina, kaa wa baharini anao, kaa la moto halina. Watu wengi wa bara hawaisikii kabisa. Mchina anaisikia siku ya kwanza, akamuuliza mwalimu mbona maneno haya mnayaandika sawa. Aliyekuja na kosa la p na b ndiye mwenye sikio la Mvita.

Mwarabu ana shida na p lakini dh, th na gh zinamtoka bila jasho. Mjapani husumbuliwa na l na r, kama wanavyosumbuliwa Wakikuyu wengi. Mwingereza anazijua konsonanti karibu zote ila anazimeza irabu, hasa za mwisho, na Kiswahili bila irabu ya mwisho hakisimami. Sauti ya ng' anayo pia, iko mwishoni mwa maneno yake mengi, ila hajawahi kuianzia neno. Mwalimu humfanya alirudie neno lake mwenyewe haraka haraka mpaka sauti ya mwisho iangukie mwanzoni, na ng'ombe akapatikana.

Kuna makosa ambayo sarufi haiyaoni kabisa, na mwalimu mzuri huyapa uzito kuliko ngeli. "Nipe maji" haina kosa lolote la kisarufi, na mtu mzima aliyeambiwa hivyo na mgeni ataleta maji huku moyo umeingia baridi. "Naomba maji" ni silabi chache tu. Mgeni aliyeulizwa "Habari za nyumbani?" akajibu "Mbaya, mama anaumwa" amesema kweli tupu, na amemshtua aliyemuuliza, kwa sababu sisi hujibu nzuri kwanza, kisha "ila mama anaumwa kidogo", hata kama kidogo hicho ni wodini. Anayemwendea mzee na swali lake bila shikamoo anasikika kama askari wa doria. Wazawa husamehe ngeli bila kujua wanasamehe. Haya hawayasamehi kwa urahisi, nao hawatasema. Kwa hiyo mwalimu hayaachi yapite hata mara moja, na hapa ndipo sheria yake ya kusubiri kosa lirudi inapovunjwa. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyekosa w moja katika kunywa. Hilo hasubiri Ijumaa.

Lakini nilimwona siku moja akiacha kila kitu. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, aliombwa asimulie juu ya familia yake, akafika kwa bibi yake aliyemlea. Alisema "bibi wangu alikufa", akasema "sikuenda mazishi kwa sababu mimi ni mbali", akachanganya nyakati, akasimama, akaendelea. Daftari lilikuwa mezani limefungwa. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana, mwanangu. Mungu amlaze pema." Darasa likajifunza sentensi hiyo bila kufundishwa. Wiki iliyofuata lilikuja somo la misiba: kufariki, marehemu, kutoa pole, kuhani, matanga. Yule mama alikuwa wa kwanza kusema "bibi yangu alifariki".

Kwenye maandishi hali ni tofauti kidogo, na hapa wataalamu wenyewe hawajapatana. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kuwa kusahihisha sarufi katika insha za wanafunzi hakusaidii na kunadhuru, kuachwe kabisa. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kuwa ni mapema mno kufunga kesi hiyo. Mwalimu wangu, bila kujua ugomvi huo, amejichagulia njia yake. Kila insha husahihisha aina moja tu ya kosa. Wiki hii ngeli, wiki ijayo kukanusha. Anapiga mstari chini ya neno, haandiki jibu, anairudisha kazi, mwanafunzi analitafuta mwenyewe. Insha iliyorudi nyekundu yote, aliniambia, inamfundisha mwanafunzi kuandika sentensi fupi zaidi mara nyingine, kwa kuwa sentensi fupi haina mahali pa kukosea. Mimi naona yuko sahihi kuliko Truscott.

Nayasema haya sasa kwa kuwa mahitaji yanaongezeka. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022, na UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai kila mwaka. Kila tangazo la aina hiyo linafuatiwa na vijana wetu wanaotaka kwenda kufundisha, jambo jema, na waajiri wanaodhani kuwa kuzaliwa Tanga au Mombasa ni sifa ya kutosha. Haitoshi. Anayekijua Kiswahili kwa kuzaliwa nacho hajui kwa nini anasema nikila, kwa maana hajawahi kuhitaji kujua. Basi ninyi wenye vyuo na balozi mnaotafuta walimu, mkimwita mwombaji kwenye usaili msimuulize methali wala asili ya Kiswahili. Mwandikieni ubaoni "rafiki wangu", mumuulize mtu mwenye akili timamu amefikaje hapo. Akijibu kuwa ni kwa sababu hajui Kiswahili, mshukuruni kwa kuja, mwiteni anayefuata.